Karatasi Chini ya Mguu wa Meza

Nchi yenyewe siitaji. Siyo kwamba naogopa. Imeboreshwa mno, jina la zamani halilingani nayo tena, na jina jipya bado liko kwenye kamati. Ukinisikiliza ukahisi unaifahamu, nyamaza tu, kama sisi wote tulivyokuwa tumenyamaza.

Basi nilimaliza kidato cha sita, nikakaa nyumbani weee, nikahesabu misumari ya bati mpaka nikaijua mmojammoja, halafu barua ikaja. Nimechaguliwa Chuo Kikuu. Mama hakupiga kigelegele. Aliiweka barua pembeni ya ungo, akaendelea kuchambua mchele.

"Mama, nimechaguliwa."

"Nimesikia, Shaweji."

"Sasa mbona hivyo?"

"Dada yako naye alichaguliwa."

Dada yangu Zawena alienda chuo hichohicho miaka sita nyuma, kusomea ualimu. Miaka mitatu ya kwanza alikuwa anarudi likizo, ananicheka ninavyovaa, anakula ukoko wote. Mwaka wa kumaliza hakurudi. Mama akaandika barua. Chuo kikajibu upesi kweli, maana kujibu barua kwa wakati nako kumeboreshwa: "Chuo hakina, wala hakijawahi kuwa na, mwanafunzi mwenye jina hilo. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako, na tunakuomba ujaze dodoso la kuridhika lililoambatanishwa."

Mama akalijaza. Penye swali la "Umeridhika kwa kiwango gani, moja hadi tano?" akaandika: Mwanangu yuko wapi. Hawakujibu. Nadhani ni kwa sababu haikuwa namba.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka mlangoni. Mama yangu ana tabia moja imewashinda maofisa wote wa kata: hasaini kitu hajakisoma, hasomi bila miwani, na miwani inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, kabatini, haitoki nje ya nyumba.

"Mtafute," akasema. "Na cheti au bila cheti, arudi. Na wewe usisaini kitu hujasoma."

* * *

Chuo kizuri, sitaki kusema uongo. Getini kuna bango kubwa: ASILIMIA MIA MOJA. Ya nini, haijaandikwa.

Dirisha la usajili nikakuta dada mmoja amechoka, akanipa fomu ya kujiunga yenye kurasa ishirini na nane. Una siku kumi na nne za kuirudisha. Ukurasa wa kwanza jina, wa pili jina tena, wa tatu uthibitisho kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Nikawa nasoma palepale.

"Saini mwisho hapo mdogo wangu, foleni ndefu."

"Nasoma kwanza, dada."

"Unafanyaje?"

"Nasoma."

Akanitazama kama nimetoa panga. Foleni nzima ikanitazama. Nikafika ukurasa wa mwisho, juu umeandikwa Fomu ya Kutoona. Maneno yenyewe haya hapa, nayajua kwa moyo: "Mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba sijamwona, simwoni, na sitamwona mtu yeyote ambaye hayumo kwenye orodha ya chuo, hata akiwa amekaa mbele yangu."

"Hii ndiyo nini?" nikauliza.

"Ni ya kawaida," akasema. "Tunasaini kila Jumatatu."

Nikaichukua fomu yangu bila kusaini, nikaingia ndani.

Chuoni mlikuwa na watu wa aina mbili. Aina ya kwanza wanatembea haraka, mafaili kifuani. Aina ya pili wamesimama tu. Kwenye ngazi. Kwenye korido. Chini ya saa ya ukutani. Nguo zao zimepauka, rangi zote zimeelekea rangi moja, ya chaki. Mlango ukisukumwa wanasogea wenyewe, hawangoji kuombwa njia. Na wanaamkia. Hilo ndilo lililonitoa jasho.

"Shikamoo Profesa." Profesa anapita.

"Shikamoo mama." Mama anapita.

Shikamoo zinadondoka sakafuni, hakuna wa kuziokota. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuona mtu mzima anaamkiwa halafu anapita kama ukuta. Nikachungulia vizuri: watu wazima wote walikuwa na pamba masikioni. Baadaye nikaambiwa pamba inagawiwa na chuo, Jumatatu, pamoja na fomu. Maana macho unaweza kuyaambia yasione, lakini mdomo wa mtu mzima ukisikia shikamoo unajibu wenyewe, haungoji ruhusa.

* * *

Nilimkuta Zawena kwenye ukumbi wa mihadhara, mstari wa mwisho kabisa.

Kipindi kilikuwa cha saa mbili. Mwalimu aliita majina kwa saa moja na dakika hamsini, kwa sababu kinachopimwa ni mahudhurio. Dakika kumi zilizobaki akatangaza kwamba kipindi kimefaulu. Mstari wa mbele wakapiga makofi. Mstari wa nyuma, wale wa rangi ya chaki, walikuwa wameinama wanaandika. Sijui walikuwa wanaandika nini.

"Zawena!"

Akageuka nyuma kwanza, aone ni Zawena yupi anaitwa. Alikuwa yeye na hakuwa yeye. Kitambulisho kinaning'inia shingoni, lakini picha imefutika, imebaki kola ya blauzi tu.

"Shaweji? Mbona umerefuka hivyo?"

"Miaka mitatu hii, dada."

"Unaniona?"

"Sasa nisikuone, kwani wewe kioo?"

Akacheka. Sauti yake ilikuwa kama redio ya jirani, unaisikia ukutani lakini hujui imewekwa chumba gani.

"Hujasaini," akasema.

"Bado nasoma."

"Huyo ni mama," akasema, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Huyo ni mama kabisa."

Kwa nini hakurudi nyumbani? Nilimuuliza hivyohivyo, kwa hasira. Akanipeleka getini. Geti lina mashine, unagusisha kitambulisho linafunguka. Akagusisha. Mashine ikasema kwa sauti tamu ya kike: "Hakuna mtu." Mlinzi hata hakuinua kichwa. Uzio nao waya wa miba mpaka juu.

"Barua?" nikauliza.

"Posta ya chuo inapokea barua za wanafunzi tu."

Na chakula? Hapo alitabasamu kidogo. Mpishi wa kantini naye alikuwa ameshasaini, ila alikuwa na ugonjwa wa kusahau sahani. Anapakua, anaweka kwenye benchi la nje, anasahau. Sahani mia mbili kwa siku.

* * *

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana na mimi nilielezwa polepole.

Nchi iliamua kuboresha elimu ya juu. Ikaundwa Kurugenzi ya Maboresho, akawekwa Profesa Kilindo, mtu mwenye sauti nzito na suti ya vipande vitatu hata wakati wa joto. Akatoa waraka: kila mwanafunzi apate majibu ya mitihani yake ndani ya siku kumi na nne. Jambo zuri, nani atakataa? Wakahesabu. Asilimia tisini na sita walikuwa wamepata. Ile nne ikawanyima raha. Mmoja alama zake zimebaki kwenye droo la mwalimu aliyehama, mwingine karatasi zimeliwa na mchwa, mwingine jina limeandikwa la mwenzake. Kuzitafuta ni kazi. Kurugenzi ikajifungia siku tatu kwenye hoteli yenye bwawa, na siku ya tatu Profesa Kilindo akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "ubora siyo kitu. Ubora ni jambo. Na jambo huanza na maana. Mwanafunzi maana yake ni nani? Ni mtu mwenye alama. Asiye na alama, kwa maana hiyo, siyo mwanafunzi. Kwa hiyo wanafunzi wetu wote wana alama."

Wakampigia makofi wamesimama. Ndiyo ikapatikana ile asilimia mia moja.

Ili Mkataba wa Ubora utiwe saini, ikachongwa meza maalumu, Meza ya Maboresho. Akaja Mtukufu mwenyewe, mkuu wa nchi, na watu wake wote. Akaweka kiwiko. Meza ikacheza. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na Mtukufu hapendi kitu kinachocheza. Profesa Kilindo akageuka huku na huku, akamwona mwalimu mmoja, Dokta Mashauri, anapita na mzigo wa vijitabu vya mtihani anatoka chumba cha mtihani. Akachomoa cha juu kabisa, akakikunja mara mbili, akakisukuma chini ya mguu. Meza ikatulia. Mtukufu akasaini. Siku hiyohiyo meza ikatangazwa kuwa urithi wa taifa: isisogezwe, isiinuliwe, isiguswe.

Kile kijitabu kilikuwa cha Zawena. Somo lenyewe, usicheke, lilikuwa Upimaji wa Haki.

Alinipeleka kuiona. Meza iko katikati ya ukumbi mkuu, imezungushiwa kamba nyekundu, na mlinzi wake, Mzee Songoro, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Tulipiga magoti. Chini ya mguu wa kulia ukingo wa karatasi umechomoza, wino wa bluu, na herufi moja inaonekana vizuri, "g" yenye mkia mrefu. Ile "g" mama alikuwa anamcharaza kwa ajili yake.

"Huwa nakuja kila siku," Zawena akasema. "Naiangalia tu. Wakati mwingine naona kama ndiyo mimi, na hii inayoongea na wewe ni karatasi."

Saa sita kamili Profesa Kilindo akaingia na glasi ya maji. Akaiweka mezani, akainama, akatazama kama maji yanatikisika. Hayakutikisika. Akaandika kwenye daftari, anasema kwa sauti anavyoandika: "Ubora umetulia." Akapita katikati yetu. Namaanisha katikati yetu: bega lake lilipita pale bega la Zawena lilipokuwa, na Zawena ndiye aliyepepesuka.

* * *

Nikaenda kwenye Dawati la Malezi na Msaada kwa Wanafunzi. Kuna viti vitatu na maua ya plastiki. Mshauri anaitwa dada Perpetua, mpole, ana macho ya mtu anayelala kidogo. Nilikaa kiti kimoja, Zawena akakaa cha pembeni.

"Nimekuja kwa ajili ya dada yangu," nikasema. "Alama zake za somo moja..."

"Pole sana kwa msiba."

"Hajafa. Huyu hapa."

Akaandika. Niliona alichoandika: yuko hatua ya kukataa.

"Ni kawaida kabisa, kaka," akasema. "Wengi wanawaona kwenye viti."

"Mwambie viti vyake vinaumiza," Zawena akasema.

"Anasema viti vyako vinaumiza."

Akaandika: anasikia sauti. Kisha akanipa karatasi ya kufutia machozi, na nyingine yenye vichwa vitano, kimoja kinacheka sana, cha mwisho kimenuna, nichague. Nikachagua cha kununa. Akasema cha kununa kimechapishwa tu kwa ajili ya mpangilio, nichague kati ya vile vinne.

Tulivyotoka nikageuka mlangoni. Dada Perpetua alikuwa ameinama juu ya kile kiti cha Zawena. Ameweka kiganja pale alipokuwa amekaa. Akakiacha kiganja pale, muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

* * *

Siku zikaenda. Ikawa ya kumi, kumi na moja. Fomu yangu bado haijasainiwa, na nilishajua maana yake: nisiporudisha, na mimi siyo wa orodha. Nikirudisha imesainiwa, nakuwa wa orodha na dada yangu namkosa akiwa mbele yangu.

"Saini, Shaweji," Zawena aliniambia kila asubuhi. "Saini usome. Mama asikose wawili."

"Kuna kifungu nimekiona kwenye ule waraka," nikamwambia siku ya kumi na mbili. Faida ya kusoma. Kifungu cha tisa, kiliwekwa kutisha watumishi: Atakayejibu, ameona. Aliyeona, shauri ni lake, alimalize.

"Hawajibu," akasema. "Miaka mitatu nawaamkia. Wana pamba."

"Dokta Mashauri anakunywa chai na pamba?"

Akafikiri. "Anazitoa," akasema. "Anasema zinaharibu ladha. Lakini akituona anajaza andazi mdomoni."

Siku ya kumi na tatu, saa nne, Dokta Mashauri alikuwa barazani na walimu wenzake, chai mkononi, pamba mbili kwenye kisosi. Nikamkabili kwa mbele.

"Dokta, naomba kuuliza. Hivi upimaji wa haki ni nini hasa?"

Ukimuuliza mwalimu somo lake mwenyewe anasahau hata andazi. Macho yakamng'aa.

"Ah! Swali zuri sana, kijana. Upimaji wa haki kwanza ni lazima umtambue yule anayepimwa, maana huwezi ukampima mtu ambaye..."

"Shikamoo Dokta," Zawena akasema, nyuma ya sikio lake.

"Marahaba, Zaw..."

Kikombe kikagonga kisosi. Baraza zima likageuka. Jina lote lilikuwa mdomoni mwake, unaelewa? Miaka mitatu alikuwa amelibeba humo nyuma ya maandazi. Chai ikawa inamwagika kwenye suruali wala haoni. Mwalimu mmoja akasema taratibu, "Mashauri, umejibu." Mwingine akasema, "Kifungu cha tisa."

Dokta Mashauri akatazama sakafu.

"Nileteeni kijitabu," akasema. "Nitasahihisha leo hiihii. Lakini meza..." Akashusha sauti. "Meza isicheze. Ikicheza saa sita ya kesho, wataniondoa na mimi kwenye orodha, na alama nitakazoandika zitakuwa zimeandikwa na mtu ambaye hayupo."

* * *

Tukangoja Profesa Kilindo amalize glasi yake ya saa sita aondoke. Mzee Songoro akafungua hotpoti yake akaanza kula. Zawena akawaita wenzake watatu wa rangi ya chaki. Wakashika meza pembe nne. Ikapanda, kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi.

Mzee Songoro akaacha kutafuna. Alikuwa ananiona mimi peke yangu, maana nilikuwa bado na siku moja.

"Bwana mdogo."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo meza imenyanyuka yenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

Akafikiri. "Basi ni maboresho," akasema, akaendelea kula.

Nikachomoa kijitabu. Kilikuwa kimebanwa kikawa kigumu kama bati. Sasa cha kuweka badala yake. Nikaweka gazeti, meza ikashuka, tukajaza maji kikombe cha mzee tukaweka juu: maji yakatikisika. Nikaongeza gazeti: meza ikainamia upande wa pili. Nikaweka kandambili yangu. Aibu tupu.

Nikaitazama fomu yangu. Kurasa ishirini na nane. Nikaikunja mara mbili.

"Usithubutu," Zawena akasema.

"Nitaomba nyingine."

"Shaweji. Fomu hazirudiwi. Unajua kwamba hazirudiwi."

"Najua."

"Mama ataniuliza. Nitamwambia nini?"

"Mwambie sikusaini kitu."

Nikaisukuma. Wakashusha meza. Maji ya kikombe yakasimama kimya kabisa, nikaona dari humo ndani na uso wangu juu yake. Fomu ilikaa kama ilizaliwa pale.

* * *

Dokta Mashauri alisahihisha amesimama. Swali la kwanza lilikuwa: Eleza umuhimu wa kumpa mwanafunzi majibu ya kazi yake kwa wakati. Zawena alikuwa ameandika kurasa nne. Alipata sabini na tatu. Dokta akakata mbili kwa sababu ya uchafu, lile duara la mguu wa meza katikati ya ukurasa, akasema utaratibu ni utaratibu. Sabini na moja. Wino ulipokauka picha kwenye kitambulisho ikaanza kurudi. Masikio yalitangulia.

Kesho yake, siku yangu ya kumi na nne, nilikwenda dirishani. Nilitaka tu kuwa nimejaribu.

"Fomu yako?" akauliza yule dada.

"Imepotea."

"Fomu hazi..." Hapo alikuwa ananitazama usoni. "...rudiwi." Hapo alikuwa anamtazama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Hakuna kilichouma. Nilisikia baridi kidogo mgongoni, kama mtu amefungua mlango.

Zawena alipewa Fomu yake ya Kutoona siku hiyo. Bila kusaini hupewi joho. Tulikaa kwenye benchi la kantini, kalamu imelala katikati yetu.

"Mama alisema tusisaini kitu hatujasoma," akasema.

"Umeisoma."

"Nikisaini, Shaweji..."

"Najua. Saini. Mmoja wetu atoke akamwambie mama tulipo."

"Nitamwambiaje? Sitakuwa nakuona. Nitadhani nini, kwamba ulikuwa ndoto?"

Akanitazama vile unavyotazama chumba kabla ya kuzima taa, ukumbuke kiti kiko wapi, meza iko wapi, usije ukajigonga. Kisha akasaini. Akainua kichwa, na macho yake yakatua ukutani, nyuma yangu, kwenye bango la asilimia mia moja.

"Dada," nikasema.

Akakusanya vitu vyake. Akafika hatua kama tano, akasimama, akarudi, akaweka maandazi mawili kwenye benchi, akaondoka. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Miezi mitatu, akingoja mahafali. Anatazama ukuta, anasahau maandazi mawili, na mtu hawezi kusahau kitu kilekile mahali palepale kila siku.

Mimi nikahamia mstari wa nyuma. Shati langu lilikuwa jekundu. Mwezi wa pili sikuweza tena kuapa kwamba lilikuwa jekundu. Nikawa nawaamkia watu kama wenzangu, mwanzoni kwa kusudi, halafu kwa mazoea, halafu sijui kwa nini. Na nilikuwa nakwenda kila siku kuangalia ukingo wa karatasi chini ya mguu wa meza.

* * *

Siku ya mahafali pamba zinatolewa, maana wimbo wa taifa lazima usikike. Mtukufu alikuja. Profesa Kilindo alipanda jukwaani na vipaza sauti sita. Wahitimu wamepangwa mbele, majoho meusi. Sisi tumesimama nyuma kabisa, kama watu mia mbili hivi, karibu na uzio, na nyasi hazikulala tulipokanyaga.

Wahitimu waliwaandikia wazazi waje, na wageni wote wanasaini getini. Nikasikia sauti naijua.

"Saini hapa mama, uingie."

"Miwani nimeacha nyumbani, baba."

"Wewe saini tu, mama, hakuna haja ya kusoma."

"Basi nisomee wewe."

Yule mlinzi wa geti hajawahi kuisoma, nakuhakikishia. Akaanza kwa sauti kubwa, "Mimi niliyetia saini hapa chini..." Alipofika "hata akiwa amekaa mbele yangu," sauti ilikuwa imeshuka mpaka ikawa mnong'ono.

"Hiyo siisaini," mama akasema. "Nitamwona mwanangu kwa hukuhuku nje."

Akazunguka uzio, khanga kichwani, hotpoti ya pilau kwapani. Jukwaani Profesa Kilindo yuko katikati: "...na kwa mara nyingine tena, Mtukufu, hakuna hata mwanafunzi mmoja, narudia, hata mmoja, aliyeachwa nyuma..." Mama akashika waya. Macho yake yakapita kwenye majoho, yakamfikia Zawena, yakasimama kidogo, akatikisa kichwa kama anayehesabu: mmoja. Halafu yakaendelea kutafuta. Yakaja nyuma. Yakaja mpaka kwangu.

Miezi mitatu hakuna macho yaliyotua juu yangu. Nilihisi uzito wake, kweli, kama mkono begani.

"Shaweji! We Shaweji! Unafanya nini huko nyuma?"

Nikafungua mdomo. Koo lilikuwa limejaa vumbi. Sikujua kama kuna kitu kitatoka, na sikuwa na maneno yoyote isipokuwa yale ya kwanza kabisa ambayo mtu anamwambia mama yake.

"Shikamoo, mama!"

Sikujua nimepiga kelele kiasi gani. Profesa Kilindo alikuwa ametua kidogo anywe maji. Glasi iko mkononi, pamba iko nyumbani, mdomo uko wazi mbele ya vipaza sauti sita.

"Marahaba," vipaza sauti vyote vikasema.

Mtukufu akageuka taratibu kwenye kiti chake. Dokta Mashauri, mstari wa walimu, akafumba macho, midomo yake inacheza: kifungu cha tisa. Kule mbele joho moja likageuka, moja tu, likaanza kutazama nyuma, linatafuta, bado halijapata. Na mimi nikasikia pembeni yangu watu wa rangi ya chaki, wote mia mbili, wanavuta pumzi kwa pamoja, kama darasa linalojiandaa kusimama mwalimu akiingia.

Mama peke yake hakushangaa. Alikitazama kile kipaza sauti kilichokuwa karibu naye.

"Siyo wewe uliyeamkiwa," akakiambia. Kisha akanigeukia mimi, akaanza kufungua hotpoti.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"